Naomba ushauri: mama kahamia mjini presha ikapanda, nimrudishe kijijini?

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 68, maisha yake yote kaishi kijijini, analima, anatembea kutwa nzima, kuumwa kwake ni kwa nadra sana. Mwaka jana nikamleta mjini nikijua namsaidia maana huku hospitali ipo karibu, sasa tangu afike ni kukaa tu kwenye kochi, hana shoga wa kupiga naye stori, kanenepa, na juzi kapimwa presha ikasoma 160 kwa 95, daktari kamwanzishia dawa za kila siku, kasema apunguze chumvi na atembee walau dakika 150 kwa wiki.

Yeye anataka kurudi kwake. Roho inaniuma jamani, naona kama nimemng'oa kwenye udongo wake. Ila akirudi kliniki iko mbali, na dawa za presha haziachwi hovyo hata mtu akijisikia mzima, nani atamfuatilia?

Waliopitia hili mlifanyaje, mlibaki nao au mliwarudisha? Na kama akibaki, mazoezi gani atayaweza bila kuumiza magoti?