NAS ya diski mbili imekufa: moja inagonga, nyingine Windows inataka kuifomati

kebo_ya_bluu

Wakuu habari. Naomba mwongozo kabla sijaharibu zaidi. NAS ya nyumbani (kisanduku cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao), diski mbili za TB 4 za inchi 3.5, zimepangwa RAID 1, yaani kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Umeme ulikatika na kurudi mara mbili. Sasa taa inawaka na kuzima, na kwenye mtandao haionekani. Diski ya 1 ikiwa humo ndani inagonga mara saba hivi kisha inatulia. Diski ya 2 inazunguka vizuri. Nimeitoa nikaiunganisha kwenye Windows kwa adapta ya USB: zikatokea patisheni tatu na ujumbe wa kutaka kufomati. Nimeghairi. Bekapu ya mwisho ina miezi mitano. Ninachohitaji ni picha na nyaraka, kama TB 1.8. Kisanduku chenyewe hata kikifa sawa tu. Nianzie wapi?

sekta4096

Mkuu, hapo ulipoghairi ndipo ulipookoa mafaili yako. NAS nyingi za nyumbani ndani yake ni Linux, na Windows haisomi ext4 wala btrfs, mifumo ya mafaili ya Linux. Patisheni mbili ndogo ni za mfumo wa NAS na swap (nafasi ya ziada ya kumbukumbu). Ile kubwa ndiyo yenye data. Windows ikisema diski inahitaji kufomatiwa, haimaanishi kwamba ni tupu.

Inayogonga iache kabisa, usiipe umeme hata dakika moja. Mlio ule kwa kawaida ni mkono wa vichwa ukirudi mwanzo kwa sababu vichwa havioni alama za kujiongozea. Vichwa huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu. Kimoja kikiwa kimeharibika, kila jaribio linaweza kukwangua eneo ambalo bado lingesomeka. Ukishauriwa kuiweka kwenye friza, kataa, unyevu utatua juu ya sahani. Kubadilisha bodi nako hakutasaidia: kwenye diski za siku hizi bodi hubeba chipu yenye vipimo vya diski ile peke yake, na chipu isipohamishwa bodi ya diski pacha haitasoma kitu.

Kazi yako ni diski ya 2, na isiandikwe hata baiti moja. Inakili yote kwanza, kisha fanya kila kitu juu ya nakala. Washa kompyuta kwa flashi ya SystemRescue (Linux ya uokoaji), humo mna ddrescue (ya kunakili diski), mdadm (ya RAID) na LVM (ya kugawa nafasi ya diski) tayari. Ukiweza tumia SATA (soketi ya diski ndani ya kompyuta) moja kwa moja: kwa MB 130 kwa sekunde TB 4 ni kama saa 9, wakati USB 2.0 ya MB 30 itakuchukua zaidi ya saa 35. Adapta ya USB lazima iwe na umeme wake wa volti 12.

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`
`blockdev --setro /dev/sdX`
`smartctl -a /dev/sdX`

Palipo sdX weka jina la diski yako kama lsblk inavyoionyesha, na linganisha SERIAL na namba iliyobandikwa juu ya diski kabla ya kuendelea. Wanaopoteza kila kitu hapa ni wale waliochanganya chanzo na mahali pa kuandikia. Kwenye smartctl tazama mistari ya 5, 197 na 198 (sekta zilizobadilishwa, zinazosubiri na zisizosomeka). Wa 199 (makosa ya kebo) ukiwa unapanda, badilisha kebo kwanza. Kisha:

`ddrescue -n /dev/sdX /mnt/kubwa/diski.img /mnt/kubwa/diski.map`
`ddrescue -d -r3 /dev/sdX /mnt/kubwa/diski.img /mnt/kubwa/diski.map`

Amri ya kwanza inachukua yote yanayosomeka kirahisi bila kung'ang'ania palipooza. Ya pili inarudia palipobaki mara tatu. Faili la .map usilipoteze, ndilo linalokuwezesha kusimamisha na kuendelea pale ulipoishia. Diski ya kupokea iwe TB 6 au zaidi, kwa sababu ya TB 4 ikishafomatiwa haina nafasi ya kubeba nakala ya TB 4 nzima. Isiwe FAT32, ambayo hukomea GB 4 kwa faili moja.

volti12

Nakubaliana na yote, ila sauti ya kugonga imesikika ndani ya NAS tu. Taa inayowaka na kuzima baada ya umeme kurudi vibaya inanifanya nishuku adapta ya umeme ya NAS. Adapta iliyochoka hutoa volti 12 kamili ikipimwa bila mzigo, lakini mota zikianza kuzunguka volti zinashuka, na hata diski isiyo na tatizo hurudisha vichwa na kuanza upya. Masikioni ni kugonga kulekule. Kama diski ya 2 ikishanakiliwa utaona inakosa kitu, hapo jaribu diski ya 1 mara moja tu kwenye umeme mzuri wa kompyuta. Ikigonga na hapo, zima. Iliyobaki ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi.

Njia nyingine: nunua kisanduku cha aina ileile, chomeka diski ya 2, kitaitambua.

sekta4096

Hoja ya adapta ni nzuri na sikuitaja. Kuhusu kisanduku kingine siafiki kabla ya nakala. Kikiwaka kinaandika: kinasasisha rekodi ya RAID, kinarudisha kumbukumbu za mabadiliko za ext4, na vingine vinauliza kama "vitayarishe" diski, yaani vifute. Nakala ikishakuwepo, fanya utakavyo.

kebo_ya_bluu

Nimemaliza. smartctl: mstari wa 5 ni 0, wa 197 ni 16. ddrescue imebakiza kB 8 tu zisizosomeka. Nikijaribu kufungua patisheni kubwa ya nakala napata: `unknown filesystem type 'linux_raid_member'`. Diski ya 1 sijaigusa.

nusu_ya_kioo

kB 8 kati ya TB 4, umepata nakala safi sana. Kabla ya kuifungua zitie alama sehemu hizo mbovu, ili baadaye ujue zimeangukia faili gani:

`printf 'SEKTA-MBOVU ' > alama`
`ddrescue --fill-mode=- alama diski.img diski.map`

Ujumbe ulioupata si hitilafu. Patisheni ile ni nusu ya RAID, lazima uiunge kwanza:

`losetup -fP --show diski.img`
`mdadm --examine /dev/loop0p3`

(losetup inaifanya nakala ionekane kama diski, inayoitwa loop. Tumia namba ya loop na ya patisheni unayoiona kwako.) Sasa tulia hapa, maana hapa ndipo RAID 1 inapowadanganya watu. Soma mstari wa Update Time. Ukiwa tarehe ile umeme ulipokatika, diski hii ilikuwa kazini hadi mwisho. Ukiwa wa miezi ya nyuma, basi ilishatolewa kwenye RAID kimyakimya, ina mafaili ya zamani, na mapya yako kwenye ile inayogonga. Mstari wa Array State nao: AA ni kwamba mara ya mwisho ilipoandika zilikuwa mbili.

Tarehe ikiwa sawa:

`mdadm --assemble --run --readonly /dev/md127 /dev/loop0p3`
`lsblk -f`
`mount -o ro,noload /dev/md127 /mnt/data`

`--run` inailazimisha iwake ikiwa na nusu moja. `noload` inaizuia ext4 kurudisha kumbukumbu zake za mabadiliko. lsblk ikionyesha LVM2_member, piga `vgchange -ay` kwanza, kisha fungua kilichotokea chini yake. Ikiwa ni XFS (mfumo mwingine wa mafaili) badilisha noload iwe norecovery. Ukikwama, usijaribu kamwe `mdadm --create`, hata kama umeisoma mahali: inaandika rekodi mpya ya RAID, na mwanzo wa data ukihama hata kidogo, mfumo wa mafaili hautaonekana tena. Wala usikimbilie PhotoRec, hiyo inarudisha picha bila majina wala folda.

kebo_ya_bluu

Update Time ni usiku uleule wa kukatika umeme, Array State AA. Imefunguka, folda zote zipo.

nusu_ya_kioo

Safi. Nakili kwa `rsync -a` kwenda diski nyingine kabisa, kisha `grep -rl 'SEKTA-MBOVU' /mnt/data`. Majina yatakayotoka ndiyo ya kuchukua kutoka bekapu ya miezi mitano. Yasipotoka, kB 8 zile ziliangukia nafasi tupu au sehemu zisizo na yaliyomo ya faili. Kwa hiyo fungua bila mpangilio picha kadhaa za folda za mwisho kabla ya kufuta diski.img.