Sekunde 7 kila hatua: naibiwa au nimefungwa kihalali?

FarasiKilema
Wakuu, wazee shikamooni, wengine habari za usiku. Mimi fundi cherehani hapa Tanga. Chesi nacheza kwenye simu nikishafunga duka, dakika 10 kwa 10. Pointi zangu hazivuki 1450, sijidai.

Juzi nimepangiwa mtu wa pointi kama zangu, mimi nyeupe. Hatua ya 14 askofu wangu kamla farasi wake pale f6. Kurudisha ni kwa kitunda cha g tu, hakuna kete nyingine inayofika. Hata mwanangu wa darasa la nne angekula hapohapo. Huyu kakaa sekunde 7. Nikaleta malkia na ngome kumzingira mfalme wake, mahali pa kuumiza kichwa kweli. Sekunde 7 tena. Halafu kampeleka malkia wake kona ya a8, nikacheka peke yangu, nikasema huyu usingizi umemshika. Hatua sita mbele ndipo nikaona malkia yule anaangalia mshazari mzima mpaka g2, mlangoni kwa mfalme wangu. Nimekufa hapo.

Mke wangu ananiambia umefungwa, lala. Sekunde 7 ni ushahidi kwamba kompyuta ilikuwa ikimwambia cha kucheza? Nimripoti?

Bishoo_wa_Kete
Pole mkuu. Ripoti, lakini usimtukane kwenye meseji. Mchezo mmoja hauthibitishi kitu. Carlsen mwenyewe, bingwa wa dunia wakati ule, alifungwa na kijana wa Kimarekani, Niemann, kule St. Louis Septemba 2022, akajitoa kwenye mashindano. Chess.com, tovuti ya kuchezea chesi, wakatoa ripoti ya kurasa 72 kuhusu michezo ya mtandaoni ya kijana yule, na mwenyewe alikiri aliwahi kuiba mtandaoni akiwa na miaka 12 na 16. Ila kwamba aliiba pale mezani siku ile, hakuna aliyethibitisha.

NgomeYaKale
Fundi, hizo sekunde 7 nazijua, maana zilikuwa zangu.

Mwaka 2020, wakati wa korona, hoteli niliyokuwa nikifanya kazi hapa Mombasa ilifungwa. Nikabaki nyumbani na simu yangu na kompyuta ya mdogo wangu. Mpinzani akicheza kwenye simu, nami naipiga hatua yake kwenye kompyuta, nangoja Stockfish, programu ya chesi, aseme, narudi kwenye simu. Hesabu mwenyewe: kusoma, kubofya, kungoja, kurudi. Hatua iwe rahisi au ngumu, muda ni uleule, kwa sababu si mimi niliyekuwa nikifikiri. Na zile hatua za ajabu kama malkia wa kona nilikuwa nazicheza bila kujua za nini. Naziona zina maana mchezo ukiisha.

Nilianza kwa kusema naangalia mara moja tu, nikikwama. Wiki ya pili hata ufunguzi nauliza. Nikafika 2100, nikaanza kuwashauri watu! Ndipo mzee mmoja wa barazani kwetu akanikaribisha ubao. Alinifunga mara tano, kahawa yake haijapoa. Hakusema neno, alinipangia kete upya tu kila mara. Mwezi huohuo akaunti ikafungiwa, wala sikukata rufaa.

Bishoo_wa_Kete
Duh! Umenikumbusha yule wa Indonesia, Machi 2021. Akaunti ya Dewa_Kipas ilimfunga Levy Rozman, yule Mmarekani wa chaneli ya YouTube ya GothamChess, kisha ikafungiwa. Waindonesia wakamwandama Rozman mtandaoni kama kawaibia yeye. Mwisho mwenye akaunti, mtu mzima, akakalishwa ubaoni mbele ya kamera na Irene Sukandar, bingwa wa kwao wenyewe. Tatu kwa bila.

FarasiKilema
Nimeripoti. Leo asubuhi nimekuta ujumbe: pointi zangu 8 zimerudi, jamaa kafungiwa. Nimemwonyesha mke wangu, akasema hongera, sasa nipe suruali ya mwalimu aliyekuja mara tatu.

Ila nimeurudia mchezo taratibu. Hatua ya 11 nilishaacha kitunda cha bure kabisa, hata bila kompyuta angenimaliza.

Bwana Ngome, samahani kwa kukuchimba. Yule mzee wa barazani bado yupo? Mwezi ujao naleta vitambaa Mombasa.

NgomeYaKale
Yupo, anakaa baada ya Isha. Kahawa analipa anayefungwa, kwa hiyo njoo na chenji.