Afisa ugani kasema tuandike andiko la kupanua kilimo hai. Tuombe nini hasa?

MkonoWaJembe: Wakuu, salaam. Tuko kikundi cha wakulima 24. Mwaka wa tatu huu tunalima bila mbolea wala dawa za viwandani, ila kwenye vipande vidogo tu. Sasa tumeambiwa kuna fungu la serikali la kupanua. Wenzangu wengi wanataka tuombe mifuko ya mbolea ya asili, tugeuze mashamba yote msimu mmoja. Mimi roho inasita. Nyie mngeomba nini?

Rundo: Mifuko ikiisha, mwakani mnarudi kupiga hodi. Ombeni mtu wa kukaa nanyi msimu mzima awafundishe mboji. Rundo langu la kwanza lilikaa baridi wiki tatu, kumbe nilijaza mabua makavu matupu. Nikafumua, nikachanganya samadi mbichi na majani mabichi, nikamwagia maji. Siku ya nne nikachomeka fimbo hadi katikati, nikasubiri kidogo, nikaichomoa: haishikiki kwa moto. Joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu. Nani angenifundisha hilo kwa kunishushia mifuko?

Bibi_Shamba: Msimu mmoja? Mwanangu, someni ya Sri Lanka. Mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku kuingiza mbolea na viuatilifu vya viwandani kwa ghafla, mpunga ukaporomoka, na kabla mwaka haujaisha marufuku ikaondolewa. Jimbo la Sikkim kule India lilianza 2003, likatangazwa la kilimo hai 2016. Hesabu miaka hapo. Geuzeni robo ya shamba kwanza.

Kalamu2: Naongezea palipo na maumivu: kipindi cha mpito, yaani muda wa kulima bila kemikali kabla hujatambuliwa. Ulaya, mazao ya msimu yanadai angalau miaka miwili kabla ya kupanda, Marekani miezi 36 kabla ya kuvuna. Muda wote huo mavuno yanaweza kushuka na huruhusiwi kuuza kwa jina la kilimo hai. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakarudia dawa. Denmark ilipotunga sheria yake 1987 iliweka na ruzuku ya wanaohamia kilimo hai. Kwenye andiko lenu fidia ya mpito iwe ukurasa wa kwanza.

Mpinzani_Mkuu: Na mkishavuna mtamuuzia nani? Watu wanapenda kupanua tu! Brazil, sheria ya 2009 ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue kwa wakulima wadogo wa familia. Ombeni soko kama hilo. Ithibati pia, yaani cheti cha kilimo hai, maana mkaguzi wa nje ni gharama. Ulizeni kama serikali inatambua utaratibu wa wakulima kukaguana wenyewe.

MkonoWaJembe: Asanteni sana, mifuko nimeifuta. Swali la mwisho: jirani upande wa juu anapuliza dawa, na upepo unashuka kwetu. Tumfiche kwenye andiko?

Bibi_Shamba: Usithubutu. Mkaguzi ataona tu. Mchoreni kwenye ramani, acheni ukanda wa miti mpakani, na miche yake iombeni humo humo kwenye andiko. Halafu kesho asubuhi mkamsalimie, huenda naye anataka kuingia.

MkonoWaJembe: Huyo jirani ni shemeji yangu, bibi. Hatujaongea tangu mwaka juzi.

Bibi_Shamba: Basi nenda na mzee mmoja.