Valencia si timu ndogo, imeharibiwa na walioimiliki. Nimechoka na huu upotoshaji!

Wakuu, naandika nikiwa nimekereka kweli kweli. Juzi nimemsikia mchambuzi redioni, mtu anayelipwa kuzungumzia mpira, akisema Valencia ya Hispania ni timu ya kawaida iliyobahatika kupata kizazi kimoja kizuri enzi za kocha Rafa Benítez, kisha ikarudi ilipostahili. "Ilipostahili"! Wenzake studio wakaitikia, wakahamia kwenye Real na Barca, mada ikafa hapo. Vijana wetu walioanza kuangalia La Liga, ligi kuu ya Hispania, majuzi wameibeba kauli hiyo kama ilivyo, kila uzi wa mpira wa Hispania unaikuta.

Mimi nasema Valencia imeangushwa. Imeangushwa ofisini, kwa saini na mihuri, na tarehe zake zinajulikana. Atakayesoma hadi mwisho atazikuta.

Tuanze na hilo la "kizazi kimoja". Klabu imeanzishwa Machi 1919, uwanja wake wa Mestalla ukafunguliwa Mei 1923. Miaka ya 1940, uwanja wenyewe umetoka kuharibiwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, Valencia ikachukua ligi mara tatu: 1942, 1944 na 1947. Mshambuliaji wao Mundo akawa mfungaji bora wa ligi misimu miwili kati ya hiyo. Mnajua Real Madrid ilichukua ligi ngapi katika muongo huo? Sifuri. Kuanzia 1933 hadi 1954 Real haikugusa kombe la ligi. Hilo hamlisikii redioni.

Mwaka 1962 wakamfunga Barcelona 6-2 mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Maonesho, lile lililotangulia Kombe la UEFA, na mwaka uliofuata wakalitetea mbele ya Dinamo Zagreb. Mwaka 1971 ligi tena, kocha akiwa Alfredo Di Stéfano, tena siku ya mwisho walifungwa 1-0 na Espanyol, lakini Barcelona na Atlético waliokuwa wanawafukuza wakatoka sare wao kwa wao. Kisha akaja Mario Kempes kutoka Ajentina, mfungaji bora wa La Liga misimu miwili mfululizo. Kombe la Dunia 1978, kikosi kizima cha Ajentina kilikuwa na mchezaji mmoja tu aliyetoka klabu ya Ulaya, naye alitoka Valencia. Akarudi Hispania bingwa wa dunia na mfungaji bora wa mashindano. Mwaka 1979 akaifunga Real Madrid mabao yote mawili kwenye fainali ya Kombe la Mfalme, kombe la mtoano la Hispania. Mwaka 1980 wakaitoa Arsenal kwa penalti pale Brussels, Kombe la Washindi likaenda Mestalla.

Benítez wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini, hajafundisha mtu. Kizazi kimoja kiko wapi hapo?

Haya, tufike huko wanakokukumbuka. Juni 1999 Valencia ya Claudio Ranieri iliipiga Real Madrid 6-0 nusu fainali ya Kombe la Mfalme, kisha ikamfunga Atlético 3-0 kwenye fainali. Msimu uliofuata, chini ya Héctor Cúper, Lazio ikapigwa 5-2, Barcelona 4-1, zote Mestalla, zote Ligi ya Mabingwa. Fainali ya Paris Real Madrid wakashinda 3-0, sawa, walistahili.

Ile fainali ya Milan dhidi ya Bayern Munich, Mei 2001, ndiyo inaniuma mpaka leo, na wengi wenu mliiona kwenye vibanda umiza. Mendieta wa Valencia anafunga penalti dakika ya tatu. Dakika chache baadaye Bayern wanapata penalti yao, kipa wetu Cañizares anaipangua kwa miguu, mpira wa Scholl unapaa juu. Kipindi cha pili kimeanza tu, Effenberg anasawazisha, penalti nyingine. Dakika 120 zinakwisha 1-1. Kwenye mikwaju Valencia ilitangulia, Paulo Sérgio alipaisha ya kwanza ya Bayern. Lakini Kahn, kipa wa Bayern, akadaka ya Zahovič, akaigusa ya Carboni ikagonga mwamba, na mwisho akaipangua ya Pellegrino. Cañizares akakaa chini akilia, na Kahn akaenda kumfariji. Timu iliyofika fainali mbili mfululizo za Ligi ya Mabingwa, halafu mtu anakuja kuiita ya kawaida!

Baadaye ndipo akaja Benítez: ligi ya 2002, ya kwanza baada ya miaka 31, ligi ya 2004 na Kombe la UEFA mwaka huo huo dhidi ya Marseille. Ayala, Albelda, Baraja, Vicente, Aimar, Mista. Hiyo 2004 ilipatikana wakati Real wana Zidane, Ronaldo, Figo na Beckham kikosi kimoja.

Sasa sikilizeni vizuri, maana mchambuzi wetu hapa hakufika kabisa.

Mwaka 1990 Hispania ilitunga sheria ya michezo iliyolazimisha klabu za kulipwa kugeuzwa kampuni za hisa. Zilizobaki mali ya wanachama ni nne tu: Real Madrid, Barcelona, Athletic Bilbao na Osasuna. Valencia ikawa kampuni mwaka 1992. Tangu siku hiyo mwenye hela ya kununua hisa ndiye mwenye neno, na shabiki aliyerithi kiti cha babu yake akabaki mnunuzi wa tiketi. Hapa kwetu tunabishana kila mwaka kuhusu asilimia 51 za wanachama na 49 za mwekezaji pale Simba na Yanga, na wapo wanaoona ni kelele za wazee. Someni Valencia kwanza.

Mwaka wa ubingwa, 2004, Benítez alikuwa anagombana na uongozi kuhusu usajili. Ndiye aliyesema aliomba sofa, wakamletea taa. Akaondoka kwenda Liverpool, na mwaka mmoja baadaye akabeba Ligi ya Mabingwa. Mwaka huo huo wa 2004 tajiri wa majengo, Juan Soler, mzaliwa wa huko huko Valencia, akakusanya hisa na kuwa rais. Kwa hiyo wanaodhani balaa lilianza na mgeni kutoka Asia, Peter Lim nitakayemfikia, wanakosea. Wenyeji ndio waliofungua mlango.

Mpango wa Soler ulikuwa kujenga uwanja mpya, Nou Mestalla, na kuulipia kwa kuuza kiwanja cha Mestalla ya zamani kwa wajenzi wa maghorofa. Ujenzi ukaanza Agosti 2007. Kiwanja cha zamani kilikuwa hakijauzwa! Umebomoa akiba yote kujenga nyumba ya pili kwa matumaini kwamba ya kwanza utapata mteja. Mwaka 2008 soko la ardhi na majengo la Hispania likaporomoka, mteja hakuonekana, deni likapita yuro milioni 400, mishahara ya wachezaji ikachelewa, na Februari 2009 mafundi wakashuka kwenye majukwaa wakaondoka. Zege tupu likabaki pembeni ya barabara kuu ya kuingilia mjini, nguzo na ngazi za mashabiki zisizo na kiti wala paa. Likakaa hivyo karibu miaka 16.

Uwanjani nako katikati ya msimu wa 2007/08 aliletwa kocha Ronald Koeman, akawaweka kando Cañizares, Albelda na Angulo kwa siku moja, watu waliobeba makombe yote yale. Kombe la Mfalme walichukua, ndiyo, na siku chache baada ya fainali Koeman akafukuzwa kwa sababu timu ilikuwa inakaribia kushuka daraja.

Kilichofuata mnakifahamu, ila mnakisimulia vibaya. David Villa akauzwa Barcelona 2010. David Silva Manchester City 2010. Juan Mata Chelsea 2011. Jordi Alba Barcelona 2012. Soldado Tottenham 2013. Wale wanne wa kwanza walitwaa ubingwa wa Ulaya wakiwa na timu ya taifa ya Hispania! Pamoja na kuuza hivyo, kocha Unai Emery akamaliza nafasi ya tatu misimu mitatu mfululizo, 2010, 2011 na 2012, nyuma ya Barca ya Guardiola na Real peke yao. Timu ndogo haifanyi hivyo ikiwa inauza kila mtu kulipa benki.

Mwaka 2014 hisa zaidi ya asilimia 70 zikauzwa kwa Peter Lim, bilionea wa Singapore. Mashabiki walishangilia barabarani, na siwalaumu, benki ilikuwa imewakaba. Msimu wa kwanza timu ikamaliza ya nne na pointi 77. Kisha yakaanza. Desemba 2015 timu akapewa Gary Neville, beki wa zamani wa Manchester United, mtu ambaye hajawahi kuwa kocha mkuu popote, mshirika wa Lim kwenye klabu ya Salford. Sina shida na Neville kama mtu. Lakini Valencia ni mahali pa kwenda kujifunzia kazi? Mechi 16 za ligi, ushindi mara tatu, na 7-0 Camp Nou kwenye nusu fainali ya Kombe la Mfalme. Machi akaondoka.

Na hili la 2019 sitalisamehe. Kocha Marcelino aliikuta timu imemaliza nafasi ya 12 mara mbili mfululizo, akaifikisha nafasi ya nne mara mbili. Mei 2019, mwaka klabu inatimiza miaka 100, akamfunga Barcelona ya Messi 2-1 kwenye fainali ya Kombe la Mfalme pale Sevilla, Gameiro na Rodrigo wakifunga. Watu wazima walilia. Septemba, ligi ikiwa imechezwa mechi tatu tu, akafukuzwa. Marcelino mwenyewe alisema hadharani kwamba anaamini kushinda kombe lile ndiko kulikomponza, kwa sababu ngazi za juu hazikutaka timu ilichukulie kombe hilo kwa uzito. Kocha anafukuzwa baada ya kuipa klabu kombe lake kubwa la kwanza tangu 2008!

Mwaka uliofuata Ferran Torres, kijana wa nyumbani, akaenda Manchester City. Nahodha Dani Parejo akaachiwa bure, narudia, bure, aende Villarreal, majirani kutoka mji wa watu kama elfu hamsini, na Coquelin akapelekwa huko huko. Mei 2021 Villarreal wakachukua Europa League mbele ya Manchester United, Parejo akiwa kiungo na kocha akiwa Unai Emery, yule yule aliyemaliza wa tatu misimu mitatu mfululizo akiwa Mestalla. Mpira wa Valencia ulikuwepo, ulihamia mji wa jirani.

Tangu Machi 2020, zile 4-3 za Atalanta uwanja ukiwa mtupu kwa sababu ya korona, Mestalla haijaona mechi ya mashindano ya Ulaya. Mwaka 2022 wakafika fainali ya Kombe la Mfalme, Betis wakawatoa kwa penalti, na kiangazi hicho hicho wachezaji Carlos Soler na Guedes wakauzwa. Juni 2023 walinusurika kushuka siku ya mwisho kabisa, 1-1 kwa Betis, chini ya Rubén Baraja aliyerudi kuokoa klabu aliyoichukulia ligi mbili. Naye Desemba 2024 akafukuzwa, wiki chache baada ya mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 200 mkoani humo na kuifanya Mestalla igeuzwe mahali pa kukusanyia misaada.

Najua kuna mtu atakuja na Vinícius, mshambuliaji wa Real Madrid aliyetukanwa Mestalla. Waliomtolea matusi ya kibaguzi Mei 2023 walifanya uovu, watatu walihukumiwa kifungo cha miezi minane Juni 2024, na ilikuwa haki kabisa. Mimi Mwafrika sitawatetea hata dakika moja. Lakini kulitumia jambo hilo kufunga mjadala wa namna klabu ilivyovunjwa, hapana, hayo ni mambo mawili.

Mashabiki wa kule wameandamana miaka na miaka na mabango ya njano ya kumtaka Lim aondoke. Wameacha viti vitupu kwa makusudi, wamesimama nje ya uwanja mechi ikichezwa ndani. Mwaka 2025 urais akapewa Kiat Lim, mtoto wa mwenye mali.

Ujenzi wa Nou Mestalla umeanza tena Januari 2025, ahadi ni 2027, kwa mkopo mwingine mkubwa, na Mestalla ya 1923 itavunjwa kupisha majengo. Ninachotaka kujua kutoka kwa wanaoijua sheria ya Hispania, na ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu: uwanja mpya ukikamilika na Lim akauza hisa zake kwa bei ya juu, je, kuna kifungu chochote kinachowapa mashabiki haki ya kununua kwanza, au watauziwa bilionea mwingine wakiwa wamekaa jukwaani? Mwenye jibu aweke. Mwenye kuja na "timu ndogo" ajibu kwanza hoja ya miaka ya 1940.