Uanagenzi idara ya elimu, makumbusho ya sanaa: makubwa, madogo, au kazi ya mtandaoni?

RangiMbili:
Wadau, salaam. Nasoma ualimu, somo langu ni sanaa. Nimepata nafasi tatu za mafunzo kwa vitendo, zote idara ya elimu kwenye makumbusho ya sanaa, na jibu linatakiwa wiki hii.

Ya kwanza ni makumbusho makubwa yenye jina. Wiki kumi, posho ipo, na kazi imeandikwa "kusaidia uratibu wa ziara za shule". Ya pili ni makumbusho madogo, idara nzima ni mwalimu mmoja. Miezi mitatu, wanatoa nauli tu, ila mwalimu ameniambia ikifika wiki ya tatu nitaongoza kundi mwenyewe. Ya tatu nafanyia nyumbani: kuandika vitini vya walimu kuhusu picha zilizomo kwenye mkusanyo wao, kwa posho nusu ya ile ya kwanza.

Kusema kweli moyo unavuta ya kwanza, kwa sababu ya jina. Nisaidieni kupima.

KitiChaMbele:
Mimi nilianzia makubwa. "Kusaidia uratibu" maana yake simu na majedwali: shule gani inakuja saa ngapi, basi litasimama wapi, nani kati ya watoto anatumia kiti cha magurudumu. Wiki nne nzima sikufungua mdomo mbele ya picha hata moja.

Lakini sitaki kuwasema vibaya, maana kuna kitu nilikipata kule ambacho madogo hayana. Walimu walikuwa tisa, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuingia kwenye picha ileile. Mmoja anaanza na kimya cha dakika nzima. Mwingine anawaambia watoto wasimame kama mtu aliyechorwa, kiungo kwa kiungo, halafu anauliza wapi panauma. Kuwaona watu tisa wakifanya kazi moja kwa njia tisa ni shule tosha. Kwa hiyo usipime ukubwa wa jengo. Uliza mambo mawili: nitasimama mbele ya watoto mara ngapi, na nani atakuwa nyuma ananiangalia?

PenseliTu:
Hilo la pili ndilo lenyewe. Mimi nilikuwa madogo. Kundi langu la kwanza lilikuwa watoto 38, nami nimekesha nikikariri maisha ya mchoraji: kazaliwa lini, kafundishwa na nani, kagombana na nani. Nikamwaga yote mbele ya picha moja kwa dakika 20. Mtoto mmoja alilala sakafuni, kalala kabisa.

Mwalimu wangu alikuwa kwenye benchi la nyuma na daftari. Walipoondoka akanisomea: "Umeuliza maswali tisa. Saba umeyajibu mwenyewe." Hakuongeza neno. Nadhani sijawahi kufundishwa somo fupi kuliko lile.

Baadaye akanipa ile njia ya maswali matatu, iliyotengenezwa na Philip Yenawine, aliyekuwa mkuu wa elimu pale MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, pamoja na mwanasaikolojia Abigail Housen. Kuna nini kinaendelea kwenye picha hii? Umeona nini mpaka ukasema hivyo? Tunaweza kuona nini kingine? Basi. Mtoto akijibu, unanyoosha kidole pale alipopataja na kuyarudia maneno yake kwa namna nyingine, bila kumsifu wala kumsahihisha. Kutosifu ndiko kugumu. Ukisema "vizuri sana" kwa mmoja, wengine wanaanza kutafuta jibu unalolitaka wewe.

Ina udhaifu wake, nao nausema. Mtoto akiuliza "hiyo ni dhahabu kweli?" anataka jibu, si swali jingine. Ukimrudishia swali unakuwa kero. Soma historia yako, ila iweke mfukoni mpaka iitwe.

Bi_Kumbukumbu:
Mnamshauri mwenzenu kana kwamba tumbo halipo. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi na nimeona vijana wenye kipaji wakiacha kwa sababu waliweza kufanya kazi bure mwezi mmoja tu, huku wenye wazazi wa kuwalipia wakibaki. Mwisho wake idara nzima inajaa watu wa aina moja, na bado tunashangaa kwa nini shule fulani hazijisikii kukaribishwa.

Kuuliza posho si utovu wa adabu. Mwaka 2019 chama cha wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa cha Amerika Kaskazini, AAMD, kilipitisha azimio la kuyahimiza makumbusho yawalipe wanagenzi. Getty, taasisi ya sanaa ya Los Angeles, wamekuwa wakifadhili nafasi za kulipwa kwa wanafunzi wa vyuo tangu 1993. Kama hao madogo hawana fedha, huenda wana siku. Waombe siku tatu kwa wiki badala ya tano, ili mbili ukatafute riziki.

MchoraUsiku:
Hakuna anayeitetea ya tatu? Basi mimi. Mwaka 2001 watafiti wawili, Jeffrey Smith na Lisa Smith, walichapisha matokeo ya kuwapima wageni wa Metropolitan Museum of Art: kwa wastani mtu alitazama mchoro kwa sekunde 27 hivi. Ukiandika kitini unakaa na picha moja siku mbili. Siku ya pili ndipo nilipoona kwamba kwenye picha niliyopewa kulikuwa na mkono usio na mwenyewe.

Tatizo ni kwamba huoni sura za watoto. Niliandika swali nililolipenda sana: "Rangi hizi zinakupa hisia gani?" Mwalimu aliyelitumia akaniambia darasa zima lilijibu "nzuri". Swali limekufa, na mimi niko nyumbani nanywa chai. Kama unaichukua, hakikisha kuna walimu watakaokujaribishia.

Jongoo77:
Jina nalo lina kazi yake, tusidanganyane. Barua ya utambulisho kutoka mahali panapojulikana inafungua milango.

PenseliTu:
Inafungua, Jongoo. Ukishaingia wanakwambia uongoze ziara ya majaribio mbele yao. Hapo barua haikusaidii.

RangiMbili:
Shikamoo Bi Kumbukumbu, na asanteni wote. Nimewaandikia makubwa na madogo maswali ya KitiChaMbele. Nikisubiri majibu: wiki ya kwanza nifanye nini nisionekane mzigo?

KitiChaMbele:
Pita kumbi zote peke yako, halafu pita tena umechuchumaa, macho yako yawe kimo cha mtoto wa miaka saba. Utakuta picha uliyoipanga inang'aa kioo tu, haionekani. Saa moja ya ziara inatosha picha nne, tano ukikimbia.

Usiingie na kalamu ya wino, ni penseli tu. Mabegi ya mgongoni yavaliwe mbele. Kazi za karatasi huwekwa kwenye mwanga hafifu, kama laksi 50, na hazikai ukutani muda mrefu, kwa hiyo asubuhi ya ziara nenda ukahakikishe mchoro wako bado upo. Mimi niliwahi kuwafikisha watoto 30 mbele ya msumari.

Na jifunze majina ya walinzi kabla ya majina ya wakubwa. Wao ndio wanaojua watoto hupenda kugusa wapi.

RangiMbili:
Mrejesho: makubwa wamesema nitatazama ziara mbili kwa wiki, kuongoza "kutategemea nafasi". Madogo wamekubali siku tatu, na mwalimu atakaa nyuma kila ziara. Nimekwenda na madogo. Jumatatu ameniagiza nichague picha tano za kuanzia, moja iwe nisiyoipenda.

Bi_Kumbukumbu:
Marahaba mwanangu. Ya mwisho kati ya hizo tano iwe karibu na choo.