Mizimu ya M. R. James: ionyeshwe kwenye filamu au ifichwe?

Mleta mada: M. R. James (1862–1936), bingwa wa miswada ya kale na mkuu wa King's College, Cambridge, kisha Eton, aliwasomea marafiki hadithi zake za mizimu wakati wa Krismasi. Mimi nashikilia kwamba anayezifanyia filamu asiuonyeshe mzimu. Tazameni "Night of the Demon" ya 1957, iliyotokana na "Casting the Runes": jitu zima linatokea dakika za mwanzo tu, jambo ambalo mwongozaji Jacques Tourneur alilipinga. Kwenye hadithi, mchawi Karswell anauawa na jiwe lililoanguka kutoka jukwaa la mafundi kanisani Abbeville, Ufaransa. Asiyeamini mizimu bado ana pa kushika. Filamu imemnyang'anya.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, hiyo ya 1957 siitetei, ila umelaumu kisichostahili. James mwenyewe anaonyesha! Soma tena "Canon Alberic's Scrap-book". Kwanza Dennistoun, mhusika mkuu, anaiona picha ya jini kwenye kitabu. Usiku anaona kitu cheusi mezani karibu na kiwiko chake: kitambaa cha kufutia kalamu? Panya? Buibui? Kumbe ni mkono, ule ule wa kwenye picha. Anaruka, na ndipo umbo lenyewe linainuka nyuma ya kiti chake. Msomaji amepandishwa ngazi hizo moja moja, na umbo zima analipata kwa muda mfupi sana. Filamu ya 1957 ilianza na ngazi ya juu, basi ikakosa pa kupanda. Tatizo ni mpangilio.

Mchangiaji wa 2: Mpangilio sawa, lakini kamera haina ngozi. Katika "Casting the Runes" Dunning, anayeandamwa na uchawi wa Karswell, anapeleka mkono chini ya mto gizani, anagusa mdomo wenye meno na nywele. Kwa maneno, vidole vya msomaji ndivyo vinavyogusa. Ukimulika taa pale, mtazamaji ataona mpira uliopakwa rangi. Hapo onyesha uso wa mwigizaji, basi.

Jonathan Miller alilielewa hili mwaka 1968 alipotengenezea BBC "Whistle and I'll Come to You": picha nyeusi na nyeupe, kitambaa kinachosogea, sauti iliyopotoshwa. Ninachomlaumu ni kingine. Parkins wa James, mhusika mkuu wa hadithi hiyo, ni kijana nadhifu, mwenye uhakika na kila anachosema. Miller akamfanya mzee anayejisemea peke yake, hadi tukio zima linaonekana ni ugonjwa wa akili. James aliandika mwaka 1924 kwamba unaweza kuacha upenyo wa maelezo ya kawaida, ila uwe mwembamba kiasi cha kutopitika. Filamu ya 1957 iliuziba. Miller akaupanua mpaka ukawa lango.

Mleta mada: Hoja ya ngazi naipokea. Hata hivyo nauliza: mbona "A Warning to the Curious" ya Lawrence Gordon Clark, 1972, inatisha mchana kweupe? Mlinzi wa taji la kale, ambaye ni mzimu, anasimama mbali, mwembamba, mweusi, kwenye pwani ya Norfolk. Anaonekana, lakini huwezi kumsoma sura. Nalegeza msimamo hadi hapo: aonekane kwa mbali, na asisogezwe karibu.

Mchangiaji wa 1: Kwa hadithi hiyo, ndiyo, kwa sababu ni ya kufuatwa na kuandamwa. Ya Dennistoun huwezi kuipiga kwa mbali. Mkono ule lazima uwe mezani, karibu na kiwiko.