Tupeane uzoefu: ulichaguaje tairi za gari lako, na barabarani yalikukuta yapi?

Mwana wa Makambako
Wakuu, habari za jioni. Juzi kwenye foleni ya Kibamba nilikuwa nyuma ya Coaster, tairi ya nyuma kushoto ni kipara mpaka nyaya zinang'aa, na ndani abiria wamesimama. Sikuweza kuacha kuiangalia. Mwezi ujao Noah yangu inapanda nyumbani na familia nzima, na tairi zake zimeshafika kwenye vile vialama vya mwisho wa meno.

Nataka nne, 195/65R15, yaani upana milimita 195 kwa rimu ya inchi 15. Muuzaji mmoja pale Gerezani anasema chukua mtumba wa Japani, mpira wa Mjapani haufi. Hatua chache mbele mwenzake anasema mtumba ni kujitafutia kifo, chukua mpya za China. Fundi wangu naye ana lake. Naomba waliopita huku waseme walinunua nini na ikawaje. Bei nitaulizia dukani, nataka yaliyowakuta.

Pancha Kimara
Kazi yangu ni hiyo hiyo, kwa hiyo nisikilize mkuu. Usianze na meno. Nenda ubavuni, tafuta neno DOT, lifuate mpaka mwisho utaona kiduara chenye umbo la yai kina tarakimu nne. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Usipoiona upande wa nje iko upande wa ndani, mwambie muuzaji aigeuze. Akikwambia hiyo ni namba ya kiwanda haina maana, ondoka.

Mitumba mingi inakuja na meno mazuri kweli. Mjapani gari lake linakaa sana kwenye maegesho, tairi inazeeka bila kulika. Mimi naijua nikiweka chuma cha kutolea kwenye rimu: mpira mzima unajikunja na kurudi, huu mzee unamegeka ukingoni kama mkate mkavu. Halafu mwenye gari ananilaumu mimi kwamba nimemharibia tairi.

Shangazi wa Mbezi
Nimetoka nje na tochi ya simu sasa hivi. 0913. Jamani!

Mzigua Halisi
Mnawatisha watu bure. IST yangu inakula mtumba tangu niinunue, Dar mpaka Korogwe kila mwisho wa mwezi, haijanipasukia hata siku moja. Tatizo letu ni upepo. Mtu anajaza paundi 40 ili gari iwe nyepesi, mwingine ana 22 na hajui. Tairi ya 22 ukiitembeza na mzigo kutoka Chalinze mpaka Segera inajikunja-kunja ubavuni, inapata moto, inapasuka hata kama ilitoka kiwandani jana.

Pancha Kimara
La upepo nakuunga mkono kwa asilimia mia. La mtumba hapana. Kutokupasukiwa wewe hakumsaidii anayekwenda Makambako na watoto.

Mzigua Halisi
Na wewe unauza mpya?

Pancha Kimara
Siuzi tairi ndugu yangu, naziba. Mtumba ndio unanipa kazi zaidi, kwa hiyo hapa nasema kinyume na tumbo langu.

Mama Nuru
Naandika kwa sababu ya hilo neno "mpya". Nimelisoma mara mbili mwili ukanisisimka.

Tulikuwa tunakwenda kuzika Njombe. Gari ni Noah ya shemeji, mdogo wake mume wangu, tuko wanane na mabegi na mchele wa msibani. Wiki ileile alikuwa ameweka tairi nne mpya dukani. Nyeusi tii, zinang'aa, hata vile vinywele vya mpira bado vimesimama. Karatasi ya kiwandani imebandikwa. Kwa macho yangu na yenu hizo ni tairi mpya.

Tumevuka Mikumi salama. Kushuka kuelekea Ruaha Mbuyuni, saa nane mchana, mnajua joto la lile bonde. Usukani ukaanza kutetemeka. Shemeji akasema ni barabara, mume wangu akasema ni balansi. Tukasimama Mbuyuni kununua vitunguu, shemeji akazunguka gari anagusa tairi moja moja. Ya nyuma kulia alitoa mkono haraka. Akasema joto tu, twende polepole, Iringa tutaiangalia.

Tumepita Mahenge, Kitonga iko mbele. Ikalia. Si ule mlio wa kupasuka puu ukaisha, ilikuwa kama mtu anapiga gari kwa rungu kutoka chini, mfululizo. Ngozi yote ya juu ya tairi imebanduka, inajipiga kwenye bodi kila inapozunguka. Gari ikahama upande wake ikaenda kwenye lori linalokuja. Mama mkwe anaita jina la Yesu, watoto wananyamaza, na hilo la watoto kunyamaza ndilo ninaloliota mpaka leo. Shemeji hakugusa breki. Alishika usukani kwa mikono miwili mpaka mishipa imemtoka, akatoa mguu kwenye mafuta, akairudisha kidogo kidogo. Tukaingia kwenye majani upande wetu, tukagonga jiwe, tukasimama. Mama mkwe bega lilivunjika. Wengine michubuko.

Dereva wa lori, kijana wa Tunduma, alisimama akarudi kwa miguu. Tulidhani anakuja kutugombeza. Akachuchumaa kwenye ile tairi nyingine ya nyuma iliyobaki nzima, akachukua kitambaa, akasugua ubavuni. Kitambaa kikatoka cheusi kama rangi ya viatu. Akasugua tena, tarakimu zikajitokeza: 3409. Ina maana hiyo tairi haijawahi kutumika lakini ilikaa stoo miaka na miaka, wakaipaka dawa ya kung'arisha. Halafu akauliza, nani aliwawekea 185 kwenye Noah? Dukani walimwambia shemeji 185/65R15 na 195/65R15 ni ileile, rimu inaingia. Kuingia inaingia. Lakini yule kijana akatuonyesha namba inayofuata, 88. Inabeba kilo 560. Inayotakiwa ni 91, kilo 615. Zidisheni hiyo tofauti kwa tairi nne, ni kilo 220, na sisi tulikuwa wanane na mchele.

Marehemu tulimkuta ameshazikwa.

Shangazi wa Mbezi
Pole sana dada. Mimi nimekaa chini.

Kapera wa Tegeta
Taja duka! Watu waokolewe!

Mama Nuru
Duka sitalitaja hapa. Shemeji alipeleka polisi na risiti zake, nawaachia hao. Nyinyi jifunzeni kusugua ubavu wa tairi kabla hamjatoa hela.

Mchaga wa Himo
Shemeji yako anajua gari. Mimi ningekanyaga breki bila kufikiri, na sasa hivi mngekuwa mnasoma tangazo la kifo.

Kapera wa Tegeta
Mimi nilifundishwa ikipasuka ongeza mafuta kidogo, gari inyooke, halafu ndiyo uachie.

Mchaga wa Himo
Uongeze mafuta na lori liko usoni? Nani alikufundisha?

Kapera wa Tegeta
Mwalimu wa udereva. Breki ndiyo inayopindua gari, hilo hamtabisha. Mafuta kidogo yanashinda ule mvuto.

Pancha Kimara
Wote mnakubaliana kwamba breki ya ghafla hapana. Shika usukani, mguu juu, iache ipungue yenyewe. Hayo ya mafuta muwaachie wenye uwanja mpana. Mama Nuru, pole sana, na asante kwa hilo la 88. Wateja wangu wengi wanaangalia ukubwa wa rimu tu.

Mwana wa Makambako
Mama Nuru, pole mno. Nimemsomea mke wangu, ameniambia hiyo safari haiendi mpaka nimpigie picha ubavu wa tairi zote nne. Namba ya mzigo nimeielewa. Na ile herufi inayofuata?

Mswahili Maskati
Herufi ni mwendo. T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Usiseme mimi siendi 190. Ile ni alama ya kiasi gani tairi inastahimili joto la mwendo mrefu. Mimi niko Oman, lami ya huku mwezi wa saba huwezi kuikanyaga peku, na kabla ya kuuliza bei natafuta neno TEMPERATURE ubavuni. Mbele yake kuna A, B au C. A ndiyo inayovumilia joto zaidi. Nikija likizo Tanga nawaangalizia ndugu zangu, wengi wana C na hawajui kama kuna A. Hiyo ya Mama Nuru joto lilikuwa linasema tangu Mbuyuni.

Mvita
Hilo la joto limenikumbusha yangu. Mie niko Mombasa. Nilitoa Fielder bandarini, tairi zake safi mno, nikasema alhamdulillahi hapa nimeokoa pesa. Nikapanda nayo Nairobi. Mtito Andei mvua ikanyesha, nikakanyaga breki nyuma ya tanki, gari inakwenda tu mbele kama sikukanyaga kitu. Nikaponea kwenye mchanga wa kando. Jamaa mmoja wa gereji akanisomea ubavuni: STUDLESS. Ni tairi za theluji. Mpira wake laini umetengenezwa kwa baridi, kwenye lami yetu yenye moto zinalika upesi, na breki yake haikazi. Ukiona neno hilo, au picha ya mlima wenye chembe ya theluji, badilisha, hata kama meno yamejaa.

Mzigua Halisi
Hilo la theluji sikuwa nalijua. Hapo nawapa haki yenu. Lakini umri bado mnauzidisha. Dereva mzuri anaendesha chochote.

Kapera wa Tegeta
Na ile gari aliyofia Paul Walker, yule mwigizaji wa Fast & Furious, je? Novemba 2013, wachunguzi walikuta tairi za ile Porsche Carrera GT zina miaka tisa.

Mzigua Halisi
Na hao hao wachunguzi walisema chanzo ni mwendo. Zaidi ya 130 mahali pa kilomita 70 na kitu. Msichukue nusu ya ripoti.

Kapera wa Tegeta
Basi mwendo na tairi kuukuu haviendi pamoja. Umeridhika?

Dada wa Gairo
Samahani naingilia. Hela yangu inatosha mbili tu. Vitz. Niweke mbele, si ndiyo? Mbele ndiko kunakovuta.

Mchaga wa Himo
Mbele. Injini iko mbele, breki kubwa mbele, usukani mbele.

Mswahili Maskati
Nyuma! Dada, weka nyuma. Kwenye maji, za mbele zikianza kuelea unahisi usukani umekuwa mwepesi, unapunguza mwendo. Za nyuma zikielea huna taarifa, gari inageuka tu mgongo unatangulia.

Mchaga wa Himo
Hii sijawahi kuisikia kwa fundi yeyote Moshi nzima.

Pancha Kimara
Kaka wa Maskati yuko sahihi, hata wenye viwanda vya tairi wanaelekeza hivyo. Nyuma, dada. Na hizo utakazobakiza mbele ziwe na meno. Ukitaka kujua, katikati ya mifereji kuna vinundu vidogo, meno yakilingana navyo umebakiwa na milimita 1.6. Kwa mvua za Gairo badilisha kabla ya hapo. Usingoje trafiki akuandikie faini.

Kapera wa Tegeta
Na ajaze nairojeni, haipandi joto.

Mzigua Halisi
Hewa unayovuta hapo ulipo ni nairojeni asilimia 78. Ajaze upepo wa kawaida, ajaze asubuhi tairi ikiwa ya baridi.

Mwana wa Makambako
Mzigua, hapo umesema. Nijaze ngapi? Kibandiko cha mlangoni kimeandikwa Kijapani na namba 220, nikaogopa.

Mzigua Halisi
Hiyo ni kPa. 220 ni kama paundi 32. Hicho kibandiko ndicho cha kufuata, achana na namba kubwa iliyoko kwenye tairi, ile ni mwisho wa upepo ambao tairi yenyewe inabeba. Na wewe nunua mpya, mimi na mtumba wangu ni wawili tu kwenye IST.

Mama Nuru
Asante Mzigua.

Mwana wa Makambako
Nimeamua: mpya, 195, 91, herufi H, TEMPERATURE A, na tarakimu nitazisoma mwenyewe kwa kitambaa mkononi. Spea nayo inahesabiwa umri? Ya kwangu iko chini ya gari, haijawahi kugusa lami.

Pancha Kimara
Inahesabiwa, tena hiyo inapigwa na vumbi na moto wa eksozi. Ishushe kesho mchana uisome, na uijaze upepo. Nyingi ninazoshusha hapa hazifiki paundi 15.